Mama Alipokosea Chenji: Somo Juu ya Kusahau

Somo hili lilitolewa katika kikao cha wazee na akina mama, siku ya pili ya sherehe za ushirika wetu kutimiza miaka 25. Msemaji ni mama wa ushirika na muuguzi mstaafu kutoka Sirare. Tumelinukuu kutoka kwenye kinasa sauti na kuyaacha maneno yake jinsi yalivyo.

Bwana Yesu asifiwe! Tena asifiwe sana.

Wachungaji wetu, wazee wa ushirika, akina mama, na ninyi vijana mliojificha kule nyuma mkidhani somo la wazee haliwahusu, nawasalimu. Wa Isebania mpo? Wa Uganda? Nimewaona ndugu zetu wa Bujumbura na wa Uvira, poleni na safari. Karibuni sana.

Nimepewa dakika arobaini niseme juu ya kusahau. Mwenyekiti aliponipigia simu kuniomba nilifundishe somo hili, alinipigia mara mbili. Siku ya pili alikuwa amesahau kwamba tumeshaongea. (Kicheko.) Usijali mwenyekiti, nitafika huko, na wewe utakuwa upande wa wazima.

Nianze na mama yangu. Wengi wenu wa zamani mnamkumbuka. Aliuza maharage na mahindi pale sokoni Sirare kwa zaidi ya miaka thelathini. Ninyi mnaovuka mpaka ule mnajua biashara ya pale ilivyo: mmoja anakulipa pesa ya Kenya, mwingine ya Tanzania, mwingine anachanganya zote mbili kwa gunia moja. Mama hakumaliza darasa la tatu, lakini hesabu ile aliifanya kichwani huku anaongea na mteja mwingine. Hakuwa na kalkuleta. Vijana wa kubadilisha fedha walikuwa wanamwogopa.

Mwaka 2014 nilikuwa likizo, nimekaa naye kwenye meza yake. Mteja akachukua maharage ya shilingi 2,000 za kwetu, akatoa noti ya 500 ya Kenya. Siku zile shilingi moja ya Kenya ilikuwa kwenye kumi na tisa, ishirini hivi, kwa hiyo alitakiwa arudishiwe karibu 8,000. Mama aliishika ile noti, akaigeuza, akaigeuza tena, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hii ni ya wapi?"

Nikacheka. Nikadhani anatania. Nikampa mteja chenji yake, tukaendelea.

Wapendwa, nilikuwa muuguzi kwa miaka ishirini na kitu wakati huo. Swali lile nililibeba nyumbani na sikulifanyia kazi. Baadaye ndipo nikajua kwamba mdogo wangu alikuwa anamfidia mama hesabu zake kila jioni kwa karibu mwaka mzima, kimya kimya, ili asiaibike. Nami nikaanza kufanya vilevile. Tulimpenda, na kwa upendo ule tukamfichia ugonjwa.

Sasa nitawaeleza tofauti, maana hapa ndipo watu wengi wanaumia bure, na wengine wanachelewa bure.

Kuna kusahau kwa kawaida. Unaingia jikoni, unasimama, hujui umefuata nini. Unamwona mtu mliyesali naye miaka kumi, jina limekwama, halafu saa nane usiku linakuja lenyewe wakati huna shida nalo. Unatafuta miwani na iko kichwani. Hii ni ya wote. Tukizeeka, ubongo unakuwa kama karani mzee wa masijala: faili analo, lakini anachukua muda kulileta. Likija, limekuja zima. Mtume Paulo mwenyewe, alipowaandikia Wakorintho, anawataja watu aliowabatiza, halafu anakiri kwamba zaidi ya hao hakumbuki kama alimbatiza mwingine. Paulo! Na aliendelea na kazi. (Yule mnyweshaji wa Farao aliyemsahau Yusufu miaka miwili, yule simweki hapa. Yule hakuwa mgonjwa, alikuwa ameshiba.)

Tena kuna kusahau kunakotokana na jinsi tunavyoishi. Sisi ni watu wa mkesha. Ijumaa umekesha, Jumamosi umeenda shambani, Jumapili una ibada mbili, halafu Jumatatu unashangaa umesahau sufuria motoni. Ubongo hupanga mambo ya mchana wakati umelala. Usipolala, mambo yanabaki mlangoni. Mkesheni, sikatazi, lakini fidieni usingizi. Na akina mama wa miaka arobaini na tano hadi hamsini na tano hivi, wakati hedhi inakoma, joto linapanda usiku, usingizi unakatika, na kumbukumbu inayumba. Wengi wanakuja kwangu wanalia, "Dada, nimeanza kuchanganyikiwa." Hapana mama. Kwa walio wengi hali hiyo hupita.

Sasa kusahau kwa namna ya pili. Sikilizeni mfano. Kusahau umeweka wapi funguo, hiyo ni kawaida. Kuishika funguo mkononi na usijue ni ya kufanyia nini, hiyo siyo kawaida. Mama yangu angekosea chenji kwa sababu ya haraka, nisingekuwa na neno. Lakini alikuwa ameishika noti aliyoishika kila siku kwa miaka thelathini, na haijui.

Kwa hiyo usiulize tu, "Anasahau mara ngapi?" Uliza, "Kuna kitu gani alikuwa anakiweza mwaka jana na sasa hakiwezi?" Mpishi anayesahau mpangilio wa kupika ugali. Mzee wa ushirika aliyetunza sadaka vizuri, sasa vitabu havisomeki. Mtu anayepotea njia ya kutoka kisimani, njia ya tangu utoto. Anayeuliza swali lilelile mara nne kabla chai haijaisha, na kila mara kwake ni mara ya kwanza. Anayeanza kusema ameibiwa, kumbe ameficha mwenyewe ndani ya debe la unga. Mpole anakuwa mkali, mwenye maneno mengi ananyamaza. Na jambo moja la ajabu: mara nyingi yule mwenye kusahau kwa kawaida ndiye anayelalamika, "Mimi nasahau sana!" Yule ambaye hali yake imeharibika, analalamikiwa na wengine, mwenyewe anasema yuko sawa. Siyo kwa wote, lakini mkisikia nyumba nzima inalalamika na mwenyewe anakataa, ondokeni mwende.

Narudi kwa mama. Alipoanza kutuhumu jirani kwamba amemwibia kanga, tulipeleka habari kwenye maombi. Sisemi vibaya, hata mimi nilikuwepo, nilishika mguu wake wa kushoto. Ikatamkwa kwamba ni pepo wa usahaulifu. Tukakemea. Mama akafunga pamoja nasi siku tatu, na katika kufunga kule akaacha vidonge vya presha. Baada ya siku tatu mtu mmoja akamwambia kwamba kuvirudia ni kukosa imani. Mama alikuwa mtii. Alikaa miezi saba bila dawa, na alikuwa ananijibu kwenye simu kwamba anakunywa. Labda aliamini kwamba anakunywa. Sijui hata leo.

Mwaka 2016 alianguka uani. Mkono mmoja umelegea, mdomo umeenda upande. Presha ilisoma 210 kwa 120. Kule hospitali wakampiga picha ya kichwa, ile ya siti-skani, na daktari kijana akanionyesha kwa kalamu. Akasema, mama, hiki ni kiharusi cha leo. Hivi vingine hapa, na hapa, na hapa, ni vidogo vidogo vya zamani. Kila kimoja kilizima taa ya chumba kimoja.

Nilivihesabu vitano. Nikaikumbuka ile noti ya 500.

Pepo gani huyo, wapendwa? Ilikuwa presha. Tena presha iliyokuwa na dawa, dawa zenyewe zipo kabatini.

Kaka mmoja ameniandikia kikaratasi hapa: "Kwa hiyo tusiombee wagonjwa?" Ombeeni! Mimi naomba kila siku. Lakini mkimwombea mtu mwenye presha au sukari, mwambieni arudi kupimwa akiwa bado anakunywa dawa. Kama Mungu amemponya, mashine itaonyesha, na daktari ndiye atakayempunguzia dozi. Uponyaji hauogopi kipimo. Ninyi watumishi mna sauti ambayo mimi muuguzi sina. Mkisema neno moja pale madhabahuni, "Msiache dawa," mmeokoa watu wengi kuliko nilivyookoa mimi wodini.

Na kuna jingine zito zaidi, siwezi kulipita. Tunajua wote habari za Usukuma, tunajua habari za Kisii na za Kilifi. Bibi mzee anaonekana anatembea usiku, anaongea peke yake, anaingia uwanja wa jirani, macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka hamsini, na watu wanasema mchawi. Wengine wameuawa hivyo. Mtu mwenye ugonjwa huu anaweza kutoka nje saa tisa usiku akidhani ni asubuhi ya kwenda shamba, na mlango wa jirani akadhani ni wake. Mkisikia neno hilo "mchawi" linaanza kunong'onwa juu ya mzee wa kwenu, msingoje kliniki ya mwezi ujao. Mwondoeni pale siku hiyohiyo, halafu ndiyo mtafute daktari.

Ugonjwa wenyewe unaitwa demensia, na ndani yake kuna aina nyingi. Ile ijulikanayo zaidi ni ya Alzheimer. Hilo ni jina la daktari wa Ujerumani aliyeeleza mwaka 1906 habari za mama mmoja aliyeanza kuugua akiwa na miaka hamsini hivi. Ya mama yangu ilikuwa ya mishipa ya damu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na demensia, na zaidi ya nusu yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, nchi kama hizi zetu. Kwa hiyo mtu asiwaambie ni ugonjwa wa Wazungu. Watafiti walizunguka vijiji vya Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, wakawapima wazee wa miaka 70 na kuendelea, na katika kila 100 walikuta kama 6 au 7 wana hali hiyo. Lakini geuzeni hesabu hiyo pia: tisini na zaidi hawana! Uzee peke yake siyo ugonjwa huu. "Ni uzee tu" ni maneno yaliyomchelewesha mama.

Nimesikia mtu ananong'ona hapo mbele, "Kama hauponi, twende hospitali kufanya nini?" Swali zuri. Kwanza, ni kweli Alzheimer haina dawa ya kuiondoa. Lakini siyo kila anayesahau ana Alzheimer. Kuna mengine yanayofanana nayo kabisa, na yanatibika. Tezi ya shingo ikipungua nguvu, mtu anapooza mawazo. Vitamini B12 ikikosekana, hasa kwa wenye sukari waliotumia metformini miaka mingi, kumbukumbu inashuka na miguu inawaka moto. Sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka baada ya msiba, humfanya mzee aonekane amepotewa na akili. Maambukizi ya njia ya mkojo kwa bibi wa miaka themanini yanaweza kumvuruga akili bila hata homa. Malaria, sukari kushuka, VVU, kaswende ya zamani, pombe (naam, na sisi tunao wanaokunywa kwa siri). Masikio! Kuna wazee hawajasahau, hawakusikia. Na dawa za dukani: zile Piriton mnazompa bibi kila usiku ili apate usingizi, kwa mtu mzima sana zinaweza kumchanganya kabisa.

Ngoja niwape ushuhuda wa mzee mmoja wa upande wa Kenya, yuko humu ndani, amenipa ruhusa ila jina nisitaje. Alianguka na boda boda. Kichwa kiligonga, akainuka, akajipangusa, akaenda zake. Wiki ya sita akaanza kusinzia mchana, anasahau majina ya wajukuu, anatembea akiegemea upande. Familia ikasema amerogwa kwa ajili ya shamba. Binti yake alikuwa amesikia somo kama hili. Akampeleka. Damu ilikuwa imejikusanya polepole kati ya fuvu na ubongo. Wakatoboa, wakaitoa. Baada ya mwezi alikuwa anaongoza sifa. Jana mmemsikia akiongoza pambio. (Vigelegele.)

Kwa hiyo angalieni kasi. Kusahau kulikokuja ghafla, kwa saa au kwa siku chache, hiyo ni dharura, siku hiyohiyo hospitali. Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea, maneno yakivurugika, usimpe chai, usimpake mafuta kwanza, tafuta gari. Mafuta mtampaka njiani. Baada ya kugonga kichwa, hata wiki zimepita, nenda. Kile kinachokuja polepole kwa miezi, hapo una muda wa kupanga, lakini panga wiki hii.

Mkienda, aende na mtu anayeishi naye, siyo mtoto wa mjini aliyekuja juzi kwa basi. Chukueni dawa zote mzitie kwenye mfuko, na za mitishamba, na za dukani, msione aibu. Andikeni matukio matatu na tarehe zake: "Tarehe fulani alipotea akitoka kanisani." Daktari atamuuliza maneno ya kukumbuka, siku ya leo, labda kuchora saa. Aliyekosa shule asiogope. Wale watafiti wa Hai walitengeneza kipimo cha wasiosoma, kuna kupanga njiti za kiberiti na kumtaja kiongozi wa kijiji. Kisha damu, presha, sukari. Anzeni kituo cha afya kilicho karibu. Ndugu zangu wa Kongo, ninyi mkisema munganga mnamaanisha daktari. Sisi huku mtu akikwambia "mpeleke kwa mganga", muulize kwanza, mganga yupi? (Kicheko.) Na mkiandikiwa kliniki ya afya ya akili, msikimbie. Wengi wakisikia hivyo wanawaza Mirembe, Mathari, Butabika, wanaona jina la ukoo limeharibika. Ubongo ni kiungo kama figo.

Na hata ikiwa ni ile isiyoponyeka, kujua mapema kunasaidia. Mzee bado anaweza kusema mwenyewe shamba ligawanyweje, mbele ya mashahidi. Nimeona hati zilizowekwa dole gumba na mtu ambaye siku hiyo hakujua hata jina la mwanawe. Mnazijua kesi hizo, nyingine ziko kwenye familia za humu humu.

Nyumbani, acheni kusema, "Si nimekwambia sasa hivi?" Hiyo haimkumbushi, inamwaibisha. Mama alikuwa ananiuliza baba amerudi saa ngapi. Baba alifariki 1998. Mwanzo nilikuwa namwambia ukweli, na kila mara alilia upya kama ndiyo kwanza amepata habari. Nikajifunza kumwuliza, "Alikuwa anapenda chakula gani akirudi?" Basi anaanza kunieleza habari za samaki, anatulia. Kama nilikosea, Mungu anajua. Mwekeeni kadi shingoni yenye namba ya simu. Fichieni kiberiti. Na yule mkwe au binti anayemlea usiku na mchana, ninyi akina mama wa ushirika mkienda kumtembelea, msimpelekee maneno. Kaeni na mgonjwa ninyi saa tatu, yeye aende akalale.

Mama alilala katika Bwana mwaka 2020. Wiki ya mwisho alikuwa anapanga vifungo vya mashati kitandani, vyeupe huku, vyeusi huku. Mdogo wangu anasema alikuwa anabadilisha fedha.

Muda wangu umekwisha, nimeona mkono wa mwenyekiti. Kule chini ya mwembe, karibu na tangi la maji, kuna wauguzi wawili wenye mashine za presha na ya sukari. Ni bure, na anayetoka nchi nyingine haulizwi kitambulisho. Mkiwa na mzee anayesahau, njooni naye, nitakaa pale mpaka saa kumi na mbili. Watumishi mtatangulia, watu wawaone. Na yule kaka aliyecheka sana niliposema habari za miwani, wewe uwe wa pili.